Kijito cha Shule na Samaki Tusiyemwona

Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa la tano, katika shule moja ya msingi ya wilaya hii ya Rungwe, nikimtathmini mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa samaki. Mwanachuo alikuwa amejiandaa barabara: andalio la somo lilikuwa safi, ubao ulikuwa umegawanywa vizuri, na katikati ya ubao alikuwa amechora samaki mkubwa mwenye mapezi, magamba na matamvua, kila kiungo kikiwa na mshale na jina lake. Wanafunzi waliyataja majina hayo kwa pamoja, kisha mmoja mmoja, kisha wakayanakili katika madaftari yao.

Hatua zipatazo mia mbili kutoka dirisha la darasa lile kulikuwa na kijito. Mvua ya usiku ilikuwa kubwa, kama ilivyo desturi ya Tukuyu katika mwezi wa Aprili, na mvumo wa maji ulisikika wazi kila darasa liliponyamaza. Ndipo msichana mmoja wa safu ya nyuma alipoinua mkono akauliza: "Mwalimu, mbona katika kijito chetu hatumwoni samaki kama huyo?" Mwanachuo alitabasamu, akatazama saa yake, akajibu kwamba swali hilo halikuwamo katika somo la siku ile.

Kwa kadiri ya fomu ya tathmini niliyokuwa nayo mkononi, somo lile lilistahili alama nzuri, nami nikazitoa. Lakini nilipokuwa nikivuka daraja la miti juu ya kijito kile, na kuyaona maji mazito ya rangi ya udongo yakipita chini ya miguu yangu, niliona kwamba kosa lilikuwa letu sisi wakufunzi. Sisi ndisi tuliomzoeza mwanachuo yule kuamini kwamba zana ya kufundishia ni kitu kinachobebwa na kuingizwa darasani, wala si kitu ambacho darasa laweza kukiendea. Makala haya ni jaribio la kulisahihisha kosa hilo. Hoja yangu ni kwamba kijito kilicho karibu na shule ni somo kamili. Kwamba shule haina budi kushirikiana na wananchi katika kukirejesha katika hali njema. Na kwamba sisi tuishio huku juu tunao wajibu wa kufanya hivyo hata kwa ajili ya samaki ambaye hatutamwona kamwe katika kijito chetu.

Jibu ambalo mtoto hakulipata

Jibu la swali la msichana yule lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni rahisi. Tukuyu iko katika kimo cha mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa liko katika kimo cha mita 475 hivi. Maji ya vijito vyetu hushuka zaidi ya mita 1,000 kabla ya kulifikia ziwa, nayo hupitia makorongo na maporomoko. Atakaye kuamini na aende Kijungu, akautazame Mto Kiwira unavyojitumbukiza katika mwamba. Hakuna samaki wa ziwani awezaye kupanda ngazi ya namna hiyo.

Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito. Huko chini, katika nchi tambarare ya Kyela, maji yetu yanamkuta samaki anayeyategemea. Huyo ni mbasa. Ni samaki wa rangi ya fedha, mwenye umbo jembamba la mwenda mbio, na aweza kufikia uzito wa kilo 4. Hapatikani mahali pengine popote duniani ila katika Ziwa Nyasa, katika mito inayoingia humo, na katika sehemu ya juu ya Mto Shire unaotoka humo. Huishi ziwani akiwinda samaki wadogo kama usipa. Lakini wakati wa kuzaa ukifika, huliacha ziwa na kuupanda mto. Hutafuta mahali ambapo maji maangavu hupita kwa kasi juu ya changarawe. Mayai yake huzama katikati ya changarawe hizo, na maji yapitayo huyapatia hewa mpaka yaanguliwe.

Mwanafunzi wa darasa la tano aweza kukiona mara moja kiini cha jambo hili. Maji yakija yamebeba udongo mwingi, udongo huo hutulia penye changarawe, ukaziba nafasi zote, na mayai yakakosa hewa. Basi udongo huo umetoka wapi? Haukutoka Kyela. Umetoka katika miteremko yetu: katika mashamba ya viazi yaliyolimwa kuelekea bondeni badala ya kuukinga mteremko, katika kingo zilizochimbwa mchanga na udongo wa kufyatulia matofali, na katika njia za mifugo zinazoshuka hadi majini. Tukuyu hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua kama hiyo haihitaji mwaliko mara mbili.

Ni haki kukiri kwamba udongo si adui pekee wa mbasa. Samaki anayepanda mto kwa wakati unaojulikana, kupitia mlango mmoja mwembamba, ni rahisi mno kumtega. Ndugu zetu wa Malawi walikuwa na samaki aitwaye ntchila, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa samaki wakuu wa biashara. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito, pamoja na kuharibika kwa mazalio yake, vilimpunguza vibaya katika muda mfupi. Katika Ziwa Viktoria kisa kama hicho kilimpata ningu, ambaye naye hupanda mito kutaga: nyavu za kisasa ziliingia katika ziwa hilo mwanzoni mwa karne iliyopita, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu uliokuwa ukisifika mitoni ulikuwa umeporomoka. Mbasa naye amekwisha kuandikwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kwa hiyo tunapomfundisha mtoto, tumfundishe kweli yote: mvuvi wa chini ana sehemu yake ya kazi, na mkulima wa juu ana sehemu yake. Mmoja akingoja mwenzake aanze, samaki atakwisha wakingojana.

Kazi ya wananchi na uchungu wake

Hatuanzi katika ardhi tupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inawapa wananchi nafasi ya kuunda jumuiya za watumia maji, na kazi ya kusimamia mito yetu iko mikononi mwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Kila kijiji chapaswa kuwa na kamati ya mazingira. Kadhalika, katika sehemu nyingi za wilaya hii wananchi wamekuwa wakiing'oa mikaratusi iliyopandwa zamani katika mabonde na kwenye chemchemi, na kupanda miti ya asili mahali pake.

Lakini mwalimu asiingie katika kazi hii akidhani kwamba ni shangwe tupu. Niliwahi kuhudhuria mkutano wa wakazi wa bonde la kijito kimoja kinachomwaga maji yake katika Mto Mbaka. Walikuwa wakikubaliana kuacha ukanda usiolimwa katika kingo zote mbili. Bibi mmoja mjane alisimama akasema kwa utulivu kwamba kinyungu chake cha magimbi kilikuwa bondeni mle, kwamba hakuwa na shamba jingine la kiangazi, na kwamba sare za wajukuu wake zilitoka humo. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyemkatiza. Kwa kweli, katika nchi yetu ya vilima, mahali ambapo familia nyingi zina mashamba madogo, mita 60 zaweza kuwa shamba zima la mtu.

Wakazi wale walijadiliana hadi jua likaelekea kutua. Mwishowe walikubaliana, mbele ya kamati yao, kwamba katika ukanda wa bibi yule ipandwe miti ya asili karibu na maji, na nyuma yake mabingobingo, ambayo angeyakata bila kuling'oa shina na kuwauzia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mizizi ya majani hayo hushika udongo, na ng'ombe wa Rungwe hawana siku wasiyohitaji malisho. Mapatano hayo hayakumrudishia bibi yote aliyoyaacha, naye alilisema hilo. Hata hivyo aliyakubali, kwa sababu alisikilizwa. Kazi ya namna hii ndiyo ninayotaka wanafunzi wetu waione: watu wazima wakipima hasara ya mmoja na faida ya wengi, wengine wao wakiwa mbali, Kyela, wasiojua hata jina la bibi yule.

Makosa yetu sisi walimu

Kabla ya kupendekeza njia, tujikosoe. Shule nazo zilichangia kuharibu vijito. Mikaratusi mingi ya mabondeni ilipandwa kwa mikono ya wanafunzi chini ya uangalizi wa walimu, kwa nia njema ya kupata kuni na nguzo. Mti ule hukua haraka na hunywa maji mengi. Kuupanda penye chemchemi ni kumweka mlevi alinde pombe. Walimu wale hawakuwa wabaya. Walipanda bila kuuliza, nao wanafunzi wao hawakufundishwa kuuliza.

Kosa la pili twalifanya hata leo. Siku ya kupanda miti inapofika, wanafunzi hupelekwa bondeni na majembe, wageni huhutubia, miche hupandwa, na watu hurudi nyumbani. Ifikapo Septemba miche imekauka au imeliwa na mbuzi, na hakuna somo lolote lililofundishwa kwa kuifuatilia. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe sehemu ya jamii yake, na kazi za shule ziwe mahali pa kufikiri. Katika shule nyingi fikra ilianguka njiani, likabaki jembe. Mtoto anayechimba shimo bila kujua kwa nini shimo lichimbwe hapo na si pale, ni kibarua asiyelipwa. Kama kijito kitatuletea vibarua wa namna hiyo, ni afadhali watoto wabaki darasani na picha ya samaki.

Njia ninayoipendekeza

Yafuatayo hayahitaji fedha, wala hayahitaji kipindi kipya katika ratiba. Yahitaji mwalimu aliyekwenda kijitoni yeye mwenyewe siku moja kabla ya wanafunzi wake.

Kwanza, pimeni udongo wa maji. Chukueni maji ya kijito katika chupa angavu ya lita moja, mara moja kwa juma, siku ileile na mahali palepale. Iacheni chupa hadi kesho yake, kisha pimeni kwa rula kimo cha tope lililotulia chini. Andikeni pia kama mvua ilinyesha. Baada ya majuma kumi, darasa litakuwa na jedwali lake lenyewe, na mchoro wa hisabati ambao hakuna kitabu kilichowahi kuuchapa. Iwapo shule iko karibu na kijito kinachotoka moja kwa moja katika msitu wa Mlima Rungwe, linganisheni chupa ya huko na chupa ya kijito kilichopita mashambani. Chupa mbili zikisimama pamoja dirishani, mwalimu aweza kunyamaza.

Pili, pimeni mwendo wa maji. Pimeni mita 10 kwa kamba, tupeni kijiti, hesabuni sekunde. Rudieni mara tano, tafuteni wastani. Hapa pana kugawanya, desimali na vipimo, na wanafunzi watashindania kukokotoa.

Tatu, inueni mawe. Chini ya mawe ya kijito safi huishi mabuu ya wadudu wa aina nyingi, na baadhi yao hawastahimili maji machafu. Wanafunzi wachore waliyoyaona, wahesabu aina zake, kisha wayarudishe mawe kama yalivyokuwa. Mahali penye aina nyingi palinganishwe na mahali penye aina chache, nao waseme tofauti imetokana na nini.

Nne, waulizeni wazee. Kila mwanafunzi amwendee babu au bibi kwa heshima, amwulize kijito kilikuwaje zamani: kina chake, miti yake, viumbe wake, na miiko iliyokilinda. Hili ni somo la Kiswahili na la historia kwa pamoja. Mtoto atagundua kwamba sheria za kulinda maji hazikuanza mwaka 2004. Mwalimu aweza kuwaeleza vilevile juu ya visiwa vya Mbenji katika wilaya ya Salima nchini Malawi, ambako tangu miaka ya 1950 wenyeji, chini ya uongozi wao wa jadi, wamekuwa wakifunga uvuvi kwa miezi kadhaa kila mwaka, na utaratibu huo umedumu.

Tano, andikianeni na shule moja ya Kyela. Hili ndilo naliona kuwa moyo wa mpango wote. Wanafunzi wa Tukuyu waandike: "Juma hili tope letu lilikuwa milimita kadhaa, tumepanda mabingobingo mahali fulani." Wanafunzi wa Kyela wajibu: "Maji yametufikia hivi, wavuvi wanasema mbasa wamepanda, au hawajapanda." Kwa barua hizo samaki asiyeonekana Tukuyu ataonekana, na mtoto wa mlimani atajua kwamba kuna mtoto mwenzake anayeyanywa maji aliyoyatia uchafu au aliyoyatunza.

Baada ya hayo yote, ndipo wanafunzi washike majembe pamoja na wananchi. Wapande miche michache, kila kundi likitunza yake na kuandika ukuaji wake hadi kiangazi kipite. Miche kumi iliyofuatiliwa mwaka mzima ina thamani ya elimu kuliko mia tano iliyopandwa kwa hotuba.

Tahadhari tatu

Kuna pingamizi ambazo mwalimu mtarajiwa atazisikia, naye ajiandae kuzijibu.

Watasema hakuna muda, kwa kuwa mitihani inangoja. Jibu ni kwamba hatukuongeza mada. Tumehamisha mada mahali pa kufundishwa. Wastani uliokokotolewa kijitoni ndio wastani utakaoulizwa katika mtihani.

Watasema kijito ni hatari. Hilo ni kweli, wala lisidharauliwe. Asiende mwanafunzi yeyote kijitoni mvua inaponyesha au maji yanapokuwa yamejaa. Makundi yawe madogo. Mtu mzima wa pili awepo. Na maji ya chupa yachotwe na mwalimu mwenyewe pale ukingo unapoteleza.

Tahadhari ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Darasa litakapochora ramani ya kijito, litaona mashamba yaliyolimwa hadi majini, na mengine yatakuwa ya wazazi wa wanafunzi. Mwalimu asimgeuze mtoto kuwa shahidi dhidi ya baba yake. Ramani isiandikwe majina ya wenye mashamba, wala isipelekwe kwa kiongozi yeyote kama mashtaka. Usimamizi wa sheria ni kazi ya wenye mamlaka. Kazi yetu ni kufundisha. Mwalimu atakayeisahau mipaka hiyo atapoteza imani ya wazazi kwa siku moja, na hataipata tena kwa miaka mitatu.

Tusiahidi tusichokijua

Sitaki kumdanganya mwanachuo kwamba akiyafanya haya mbasa watajaa mitoni. Shule moja, kijito kimoja, havitoshi. Na nyavu zikiendelea kuziba midomo ya mito, changarawe safi zitakosa wa kuzitumia. Hata hivyo mito huweza kupona. Nchini Marekani, Mto Elwha ulikuwa umezibwa kwa mabwawa mawili, la kwanza likiwa limekamilika mwaka 1913. Wenyeji wa asili wa kabila la Klallam walidai kwa miaka mingi mto wao ufunguliwe. Mabwawa yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014, na samaki aina ya samoni wakaanza kupanda tena mahali ambapo hawakuwa wamepita kwa takribani miaka 100. Waliodai jambo hilo wengi hawakuwa wamewahi kuwaona samaki hao sehemu ya juu ya mto. Walikuwa wamesimuliwa tu, nao waliyaamini masimulizi ya wazee wao kiasi cha kuyafanyia kazi.

Kusimulia kwa ukweli, na kupima kwa uangalifu, ndiko kazi yetu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi walimu tumeutumia usemi huo mara nyingi tukimaanisha nidhamu. Naomba safari hii tumaanishe pia udadisi: mtoto aliyezoea kuuliza maji yanakwenda wapi, hataacha kuuliza atakapokuwa mwenye shamba, mwenyekiti wa kijiji au mvuvi.

Msichana yule wa safu ya nyuma sasa yuko darasa la sita. Nilirudi shuleni kwake muhula uliofuata nikiwa na mwanachuo mwingine, tukampa jibu lake, lote, ukingoni mwa kijito, kukiwa na jua. Alisikiliza, kisha akauliza swali jingine: kama watu wa Kyela wanajua kwamba sisi tupo. Sikuwa na jibu. Tulirudi darasani, tukagawa karatasi, nao wanafunzi wakaanza kuandika barua.